Moto wa Kijani

Taa aliyoniachia mwalimu wangu ingali kabatini, nimeiviringisha kwa gazeti. Ni mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha shaba na mpira mwembamba mfano wa mrija. Ukiiwasha, kibamba cha shaba ndani yake kinakuwa chekundu, nawe unapitisha ncha ya mpira kwenye viungo vya mabomba ya AC. Moto ukibaki wa buluu, endelea mbele. Ukigeuka kijani, gesi inavujia hapo.

Nilianza kujifunza kwake eneo la Gerezani, Dar es Salaam, mwaka 1991. Magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakishuka bandarini na viyoyozi ambavyo wenyewe hawakuviomba wala hawakujua kuvitunza. Yale yetu yote yalikuwa ya R12, gesi iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na Thomas Midgley na wenzake kwa ajili ya General Motors. Mwaka 1930 Midgley aliivuta kifuani mbele ya wanakemia, akaipuliza kwenye mshumaa, ukazimika. Haina sumu, haishiki moto. Ni kweli, ilimradi usiichome. Ikipita kwenye moto huzaa fosijeni, sumu iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Sisi tuliichoma kutwa, tumeinama chini ya boneti, na kikohozi cha mwalimu tulikisingizia sigara.

Mara nyingi moto ulikuwa kijani mbele ya kompresa, kwenye sili ya shafti. Mafuta ya kompresa huzunguka pamoja na gesi; AC isipowashwa, sili hukauka na kuachia. Wateja waliozima AC tangu Juni ili kubana petroli walirudi Oktoba, jasho likiwatiririka, na mfumo mtupu. Kazi mbaya kuliko zote ilikuwa kipozeo kilichovuja nyuma ya dashibodi. Dashibodi nzima ishuke, kutwa nzima ipotee, na mteja amesimama mlangoni anasema, “Fundi, jaza gesi tu.” Nani hajazi? Baada ya wiki tatu anarudi kukulaumu.

Wakati huo hukumu ya R12 ilikuwa imekwishatolewa. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza jinsi klorini ya gesi hizi inavyokula tabaka la ozoni. 1985 likatangazwa tobo juu ya Antaktika. 1987 mkataba ukasainiwa Montreal. Tanzania iliuridhia 1993, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi 2010 kuachana kabisa na gesi za jamii hiyo. Watengenezaji wa Japani hawakusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza kutia R134a, isiyo na klorini.

Na klorini ndiyo iliyokuwa ikipaka moto wetu rangi ya kijani.

Gari la kwanza la R134a lilipofika kwetu, bomba lilikuwa limelowa mafuta kwenye kiungo, dalili ambayo hata mwanafunzi huiona. Mwalimu akapitisha taa: buluu. Akabadilisha mtungi, akasugua shaba kwa msasa, akapitisha tena. Buluu. Hakusema neno. Alinituma sabuni ya unga, akapaka povu kwa brashi ya kunyolea, na mapovu yakaanza kuvimba palepale. Povu alikuwa akituambia ni la mafundi wasio na taa.

R12 ilipopanda bei, kila gari kuukuu likajazwa R134a kwa mkato. Lilipoa siku chache, kisha kompresa ikakwama, kwa kuwa mafuta ya zamani hayachanganyiki na gesi mpya, na mipira ya zamani ikaipitisha kidogo kidogo. Kubadilisha kwa haki ni kusafisha mafuta yote ya zamani, kuweka mapya, oringi mpya na kichujio kipya cha unyevu, kuvuta hewa kwa pampu, ndipo ujaze gesi pungufu kidogo ya kiasi cha R12.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye gari la zamani, washa AC dakika kumi kila wiki, hata wakati wa baridi. Na fundi atakayeuchukua mtungi wa gesi kabla hajatafuta tundu, usimpe funguo.