Miaka Miwili Ndani ya Kasha Moja

Mafundi wa kompyuta wa magharibi mwa Kenya wana kitenzi kimoja kilichobebeshwa kazi nzima: kuformati. Mteja hushuka kwenye bodaboda na kasha la kompyuta ya mezani mapajani, anasema anataka "iformatiwe", na bila maelezo zaidi inaeleweka kwamba diski itafutwa, Windows itawekwa upya, draiva zitasakwa, na faili zake zitaokolewa kwanza kama bado zinaokoleka. Kitenzi hicho hupotosha kidogo. Kufuta diski ni shughuli ya dakika chache, na kuweka Windows hakudai ujuzi mkubwa mambo yakienda sawa. Kilichoifanya shughuli hii iwe kazi ya mtu, yenye mabingwa wake na wababaishaji wake, ni yale yanayozuka yasipoenda sawa. Ukiyapanga hayo kwa miaka, kuanzia XP hadi leo, utaona yana ukoo mmoja: karibu kila hitilafu iliyomkesheza fundi ilitokana na mashine ya mwaka fulani kuozeshwa programu ya mwaka mwingine. Fundi wa kuweka Windows amekuwa msuluhishi wa tarehe kuliko alivyokuwa mtu wa vyuma.

Kapsokwony ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii kwa sababu mji huu uko mwisho wa mnyororo. Ni mji wa Wasabaot, makao makuu ya Mlima Elgon katika kaunti ya Bungoma, ukiwa juu ya Kimilili kwenye miteremko ya mlima, na kompyuta mpya huko ilikuwa nadra. Katika miaka ya 2000, kompyuta nyingi zilizoingia Kenya kwa ajili ya shule, vyuo vya kupiga chapa na saiba zilikuwa mitumba. Zilitumika ofisini Ulaya miaka kadhaa, zikaja kwa kontena hadi Mombasa, zikapita Nairobi, ndipo zikafika Kitale au Bungoma na kupanda mlima. Shirika la Computer Aid International la London lilituma mashine za aina hiyo, na Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, likazitengeneza na kuzigawa mashuleni. Wafanyabiashara nao wakaleta zao na kuziuza kwa jina la ex-UK. Jambo moja liliziunganisha nyingi: diski zilifutwa kabla ya safari, kwa kuwa aliyezitoa hakutaka barua na hesabu zake zisomwe na mgeni. Kwa hiyo kuweka mfumo upya hakukuanza kama tiba ya kompyuta iliyougua. Bila hiyo kasha lilikuwa kasha tu. Mlima Elgon ulichelewa hata katika foleni hii, maana miaka ya 2006 hadi 2008, saiba zilipokuwa zikienea miji ya jirani, ndiyo miaka ya mgogoro wa ardhi ya Chebyuk, ya kundi la wapiganaji la SLDF na ya operesheni ya jeshi ya Machi 2008, na watu walikuwa na mengine ya kuhangaikia.

Chukua tatizo lililojulikana kuliko yote. Windows XP ilitoka Oktoba 2001. Mwaka 2004 Intel ikachapisha AHCI, utaratibu mpya wa ubao mama kuzungumza na diski za SATA, na miaka michache baadaye mashine nyingi za ofisini zikawa zinatoka kiwandani utaratibu huo ukiwa umewashwa. CD ya XP haikuwa na draiva yake, na haikuipata hata kwenye Service Pack 3 ya 2008. Kilichofuata kila fundi wa enzi hiyo anakijua: CD inasomeka vizuri, faili zinapakiwa, halafu ama mashine inatangaza kwamba haina diski yoyote, ama skrini inageuka buluu na kuandika 0x0000007B. Mwanagenzi alibadilisha diski, kisha kebo, kisha akaenda kuazima CD nyingine. Dawa rasmi ilikuwa kubonyeza F6 na kuingiza draiva kwa flopi, katika kizazi cha mashine ambazo tundu la flopi lilikuwa linatoweka. Dawa ya mafundi ilikuwa fupi: kuingia BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, na kugeuza AHCI kuwa IDE, utaratibu wa zamani, ili ubao wa 2007 ujifanye wa 2001. Hata kabla ya hapo palikuwa na kisa cha gigabaiti 137. CD ya kwanza kabisa ya XP haikuona zaidi ya kiwango hicho, mpaka Service Pack 1 ya 2002 ilipokirekebisha, kwa hiyo diski ya 160 ilionekana imemegwa na muuzaji akashutumiwa bure.

Lakini ushahidi mzito zaidi ni mdogo kama sarafu. Kwenye ubao mama kuna betri ya CR2032, ya volti 3, inayolinda vitu viwili umeme unapokosekana: saa, na mipangilio ya BIOS. Mashine iliyokaa miaka ofisini, miezi ghalani na wiki baharini hufika betri yake ikiwa imekufa au inakata roho. Sasa fuata mlolongo wenyewe. Fundi anageuza AHCI kuwa IDE, anaweka XP, kila kitu kinafanya kazi, analipwa. Usiku mwenye saiba anazima soketi ukutani, kama mtu yeyote anayeogopa radi za mlimani. Asubuhi mipangilio imerudi ilivyotoka kiwandani, IDE imekuwa tena AHCI, na Windows ya jana inaanguka kwa skrini ileile ya buluu. Mteja anarudi akinung'unika kwamba amefanyiwa kazi ya ovyo. Fundi asiyejua anagusa BIOS kwa mazoea, anaformati tena, mashine inapona, naye anaamini kuformati ndiko kulikoiponya. Mchezo huo unaweza kuchezwa mara nne, na dawa ni betri inayouzwa bei ya soda moja au mbili. Saa nayo ina kesi yake. Kalenda ikirudi nyuma miaka kumi, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havijaanza kutumika, kivinjari hukataa kuzifungua, na Windows 7 hukataa kuamilishwa. Wakati saiba ilikuwa ya kusoma barua pepe, hilo lilikuwa usumbufu. Baada ya tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen kuzinduliwa 2014, na mfumo wa kodi wa iTax kuwa lazima kwa walipa kodi Agosti 2015, saa mbovu ilimaanisha foleni ya watu waliokuja kujaza ritani wakirudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Mtu anayezijua kompyuta za mlimani anaweza kunijibu kwamba naipamba hadithi. Atasema adui alikuwa vumbi jekundu, stima inayopotea katikati ya kuweka mfumo, na radi ya alasiri. Sikatai. Stima ikikatika faili zikiwa nusu zimenakiliwa, unaanza upya, hakuna falsafa hapo. Na ramu yenye kutu kidogo kwenye meno yake, ambayo mafundi huisugua kwa raba ya mwanafunzi, imeangusha kazi nyingi kwa makosa ya kunakili ambayo CD ililaumiwa kwayo. Ila hata katika vyuma tarehe hujitokeza. OptiPlex GX270 na GX280 za Dell zilitengenezwa katika kipindi ambacho kapasita mbovu zilikuwa zimeenea viwandani. Kumbukumbu za kampuni hiyo, zilizofichuliwa mahakamani Marekani mwaka 2010, zilitaja mashine milioni 11.8 zilizouzwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005 ambazo zilikuwa hatarini, na Dell yenyewe ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kugharamia matengenezo. Mashine yenye kapasita zilizofura huwaka, huonyesha nembo, huanza kupakia Windows, kisha huganda, kila mara mahali tofauti. Hilo la mahali tofauti ndilo linalotofautisha kosa la chuma na kosa la programu, kwa sababu programu huangukia palepale. Fundi aliyefungua kasha na kutazama vile vikopo kabla ya kugusa CD alijiokolea siku nzima, na alichokuwa akikitazama ni mwaka wa kutengenezwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kimaadili: kwamba kazi hii yote ilikuwa wizi wa programu uliovikwa joho la ufundi. Makadirio ya Business Software Alliance kwa miaka hiyo yaliweka programu zisizo na leseni Kenya juu ya saba kati ya kila kumi, na sina sababu ya kudhani kaunti ya Bungoma ilikuwa na utakatifu wa pekee. Hata hivyo ajabu moja huachwa nje. Mashine nyingi za mtumba zilikuwa na leseni halali imebandikwa ubavuni, kibandiko chenye ufunguo wa herufi 25 uliokwisha kulipiwa Ulaya. Ufunguo huo ulikuwa wa CD za watengenezaji, na CD iliyouzwa dukani iliukataa. Kwa hiyo fundi mwenye mashine halali mkononi alichukua nakala ya makampuni isiyodai kuamilishwa, maana ndiyo iliyokubali. Nakala hiyo ilikuwa imegandishwa katika mwaka ilipovuja, bila masasisho, bila draiva za baadaye. Wizi ulikuwepo, lakini haukuzaa aina mpya ya hitilafu. Ulizidisha ileile ya miaka kutolingana.

Na Linux? Ubuntu ilitumwa bure kwa posta, CD hadi mlangoni, kuanzia 2005 hadi 2011, na tangu Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Linux ingemaliza ugomvi wa AHCI papo hapo. Tatizo ni kwamba mteja hakuja kununua mfumo. Alikuja na fomu ya Excel yenye makro na fulashi iliyojaa hati za Word, akitaka zifunguke kama zilivyofunguka Kitale.

Baada ya XP kuachwa rasmi tarehe 8 Aprili 2014, mgongano uligeuka upande. Zamani programu ilikuwa kuukuu kuliko mashine. Sasa mashine ndiyo kuukuu. Isipokuwa kwa muda mfupi mafundi walipong'ang'ania Windows 7 kwenye mashine za Intel za kizazi cha sita, na kibodi na kipanya vikazimika katikati ya kazi kwa sababu mfumo wa 2009 haukujua bandari za USB 3. Diski zilizogawanywa kwa mtindo mpya wa GPT, ambazo Windows huzikataa ikianzishwa kwa njia ya zamani ya BIOS, zilileta maombolezo yao, na dawa ilikuwa tena kuchagua enzi moja na kuishi nayo: ama UEFI na GPT za kisasa, ama BIOS na MBR za zamani.

Windows 11 ya Oktoba 2021 imeleta jambo ambalo kazi hii haikuwahi kulikabili kwa ukali huu. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, hivyo mashine ya kizazi cha nne au cha sita, ambayo ina nguvu ya kutosha, huambiwa haistahili. Hilo ni katazo, na fulashi iliyotayarishwa kwa programu ya Rufus hulipita. Toleo la 24H2, la mwaka 2024, ni habari nyingine: linatumia amri za prosesa, SSE4.2 na POPCNT, ambazo Core 2 Duo haina kabisa, na hakuna fulashi inayoweza kuifundisha prosesa neno isilolijua. Kwa macho ya mteja kompyuta zote mbili "zimekataa Windows 11". Kwa fundi moja imekatazwa na nyingine haiwezi, na akizichanganya atakesha juu ya ile isiyowezekana na kuiuza kwa bei ya chuma chakavu ile iliyobakiza miaka. Core 2 Duo itaendelea na Windows 10, ambayo muda wake rasmi uliisha 14 Oktoba 2025, au hatimaye Linux, ambayo siku hizi, fomu nyingi zikijazwa ndani ya kivinjari, mteja ana sababu chache za kuikataa kuliko alizokuwa nazo 2008.