Kidonge cha Kupunguza Kasi

Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mbio za mita 800 za wanawake zilimpa Caster Semenya wa Afrika Kusini dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha na Margaret Wambui wa Kenya shaba. Kanuni za shirikisho la riadha duniani zilizoanza kutumika Mei 2019 ziliwataka wote watatu washushe testosteroni hadi chini ya nanomoli 5 kwa lita, la sivyo waache umbali huo. Shuruti hiyo haikuwa mpya. Kanuni ya 2011 iliweka kikomo cha nanomoli 10, na Semenya alimeza vidonge vya uzazi wa mpango ili aruhusiwe kushindana, mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilipoisimamisha mwaka 2015. Estrojeni ya vidonge huufanya ubongo upunguze homoni inayoziamuru tezi kutengeneza testosteroni. Ini nalo huongeza protini inayoishika ile iliyobaki isifanye kazi. Klomifeni na tamoksifeni hufuata njia hiyohiyo kinyumenyume: huziba vipokezi vya estrojeni, ubongo hudhani imepungua, na kwa mwanamume testosteroni hupanda. Dawa hizo mbili zimo katika orodha ya marufuku michezoni. Basi mwanariadha mmoja hufungiwa kwa kuugusa mfumo huu kwa dawa, na mwingine alifungiwa kwa kukataa kuugusa.

Watetezi wa kanuni hizo hujibu kwamba pande zote mbili lengo ni usawa, na wanawake wanaokimbia nao wana haki. Haki hiyo naikubali. Lakini marufuku huukinga mwili na kemikali, ilhali shuruti iliiingiza katika mwili usio na ugonjwa, pamoja na hatari ya damu kuganda. Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kisiwani Lamu, umbo linalokipa chombo kasi ni sifa ya fundi. Kama ndivyo, sioni kwa nini umbile alilozaliwa nalo binti liwe hatia yake. Ushahidi wa kuitetea shuruti nao ulikuwa dhaifu: utafiti wa 2017 uliotegemewa na shirikisho ulirekebishwa na waandishi wake mwaka 2021, wakakiri kwamba haukuthibitisha uhusiano wa chanzo na matokeo kati ya testosteroni na ubora wa mwanariadha.

Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Machi 2023 kikomo kikashushwa hadi nanomoli 2.5 kwa mbio zote, na njia hiyo nayo ikazibwa.