Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo niliijua tangu nikiwa shuleni, nikaiandikia insha na kupata alama nzuri. Lakini maana yake niliipata ukubwani, katika mpando wa mawe wa kuelekea Newala.

Ilikuwa Novemba 1996. Marehemu baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, alitaka kulijengea kaburi la babu kabla naye hajaitwa. Nikapakia mifuko minane ya saruji katika Land Rover kuukuu, nikamkalisha mzee mbele, utingo akapanda nyuma, tukaondoka Lindi alfajiri.

Tulipita Mahiwa na Nyangao, tukafika Nanganga jua likianza kuchoma. Pale penye njia panda ya kwenda Ruangwa tulisimama kunywa chai. Baba hakugusa chapati yake. Alikuwa akiutazama ukingo wa uwanda wa Makonde uliosimama upande wa kusini kama ukuta.

"Babu yako alipita bonde hili kwa miguu," akasema, "wakati wa vita vya Wajerumani."

"Alikuwa upande gani?" nikamuuliza.

"Upande wa mzigo."

Babu alikuwa mpagazi. Nilikuwa nikilijua hilo, ila kwa juu juu. Nilichokikumbuka zaidi ni kwamba hakuwahi kubeba kitu kichwani, hata kitita kidogo cha kuni. Sisi wajukuu tulimcheka, tukidhani ni majivuno ya uzee.

Vita hivyo nimevisoma baadaye, ndugu msomaji, na vitabu vingi huanza na jenerali. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck yalipambana na majeshi ya Uingereza pale Mahiwa. Kwa upande wa Waingereza walipotea watu wapatao 2,700, waliouawa na kujeruhiwa. Wengi wao walikuwa Waafrika, wakiwemo askari waliotoka mbali hadi Nigeria. Wajerumani walishinda siku hiyo, lakini risasi na chakula viliwaishia. Wakarudi nyuma kwa kufuata bonde la Lukuledi, wakapanda uwanda wa Makonde kupitia Chiwata.

Aujuaye uwanda ule anajua shida yake: maji. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa, na chemchemi hutokea chini kabisa, kwenye mabonde. Kwa vizazi vingi akina mama wa Kimakonde waliteremka mlimani na kupanda tena, mtungi kichwani, ili watu nyumbani wanywe. Ndiyo nchi ambayo maelfu ya watu wenye njaa waliingizwa mwezi ule wa Novemba.

Katikati ya mwezi huo, pale Nambindinga, von Lettow-Vorbeck aliwachagua wenye nguvu tu: Wazungu wapatao 300, askari 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Wagonjwa na majeruhi wakaachwa nyuma. Waliosalia wakapita Kitangari na Newala, na tarehe 25 Novemba wakavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Siku zile zile Wajerumani walikuwa wametuma chombo cha angani, L59, kutoka Jamboli huko Bulgaria. Kilibeba tani zipatazo 15 za dawa, risasi na vifaa vingine, na kilikusudiwa kuteremka huku kwetu Makonde. Kilifika anga ya Sudan, kikaamriwa kurudi. Safari hiyo ya bure imesimuliwa mara nyingi, na walioiendesha wanajulikana. Lakini shehena yote iliyofika kweli juu ya uwanda ilifika juu ya vichwa vya watu, na watu hao majina yao hayapo.

Wakati ule nilikuwa sijayasoma haya. Tulipita Ndanda, tukafika Masasi penye vilima vyake vya mawe matupu, tukashika njia ya vumbi kwenda Newala. Huko kwenye mpando mvua za mwanzo zilikuwa zimekwisha kukokota udongo na kubakiza mawe. Niliingiza gia ya nguvu, nikapanda taratibu, gurudumu moja likitafuta jiwe na jingine likining'inia. Mara gari likaanza kurudi nyuma. Utingo akaruka, akatupia jiwe chini ya gurudumu. Tukapona.

Ilibidi tupakue saruji. Wakatokea vijana wanne waliokuwa wakitoka kuokota korosho. Wakataja bei ya kupandisha mifuko, nami nikaipunguza nusu. Wakanong'ona, wakakubali. Kila mfuko ulikuwa kilo 50, karibu mara mbili ya mzigo wa mpagazi wa vita vile.

Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe, akisikiliza. Hakunigombeza. Aliwaita wale vijana, nao wakamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akamuuliza kila mmoja jina lake na jina la baba yake. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hawa utawalipa walichotaja. Na mfuko mmoja utaubeba wewe."

Niliubeba. Sijui nilikwenda hatua ngapi. Shingo ilizama mabegani, mawe yalinicheza chini ya viatu, vumbi la saruji likachanganyika na jasho machoni. Nikautua kabla ya kona ya kwanza. Kijana mmoja aliyekuwa akirejea kuchukua wa pili aliuokota bila neno, akaenda nao. Hapo ndipo nilipomkumbuka babu na kile kitita cha kuni.

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Niliposikia habari hiyo, baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilimkumbuka alivyoketi juu ya lile jiwe.

Kaburi la babu tulilijenga, na jina lake liko juu yake. Gari lile niliuza zamani, lakini daftari lake ninalo. Baina ya hesabu za dizeli na za matairi, kuna majina manne niliyoyaandika kileleni mikono ikinitetemeka, kila moja na jina la baba yake.