Saa Tano na Nusu Hadi Maskati

Shangazi yangu alifariki Maskati alfajiri. Mimi nilikuwa Unguja. Kati ya miji hii miwili pana karibu kilomita 3,900, na ndege isiyotua njiani huchukua saa tano na nusu hivi. Nikiwa bado nimeshika simu nilipiga hesabu, nikaona nitawahi.

Sikuwahi. Ndege ilikuwa ya usiku, na maziko ya Kiislamu hayacheleweshwi. Nilipofika kesho yake, mzee mmoja wa ukoo alinipokea mlangoni kwa Kiswahili cha Unguja kisichopungua kitu: "Pole, mwanangu. Tushamzika jana baada ya alasiri."

Nilikaa msibani siku tatu, nikimfikiria maiti mwingine wa njia hii hii.

Seyyid Said bin Sultan aliitawala miji yote miwili, na mwishowe akaifanya Unguja makao yake makuu. Enzi zake, umbali ulihesabiwa kwa pepo. Kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi ikayarudisha kuanzia Aprili. Aliyekosa msimu alingoja miezi. Swali lililotoka Maskati na kaskazi lilipata jibu lake na kusi.

Oktoba 1856, kaskazi ikiwa haijashika, Said alikuwa baharini akirudi Unguja kutoka Maskati katika meli yake, Victoria. Akafia njiani, karibu na Shelisheli. Afiaye mbali na nchi kavu hutoswa baharini, lakini mwanawe Barghash, aliyekuwa melini, aliamua mwili uletwe Unguja. Ukateremshwa na kuzikwa usiku, kimyakimya, huku Barghash akijaribu kumtangulia kaka yake Majid kwenye kiti. Hakufanikiwa. Huko Maskati, mwana mwingine, Thuwaini, naye alidai haki yake. Ndugu hao walikaribia kupigana, hadi mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, alipoamua: Majid abaki na Unguja, Thuwaini na Maskati, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Ufalme mmoja ukawa miwili, na bahari iliyouunganisha ikawa mpaka.

Shangazi aliuvuka mpaka huo kwa sababu nyingine. Aliondoka Unguja akiwa msichana, baada ya Mapinduzi ya 1964, akahangaika kwengine kabla ya kupokelewa Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala, kama Wazanzibari wengine wengi. Katika maisha yake aliiona safari ya wiki kadhaa ikigeuka safari ya saa chache. Alirudi nyumbani mara mbili. Kila mara, akiaga, aliniuliza: "Na wewe utakuja lini?" Nikajibu, "Mwakani, inshaallah."

Siku ya tatu walinipeleka makaburini. Udongo ulikuwa umeshakauka kwa jua. Nilisoma Fatiha, nikasimama kidogo, nikatafuta neno la kumwambia. Wazee wetu waliochelewa walikuwa na upepo wa kuusingizia. Mimi nilikuwa na saa tano na nusu, kwa miaka yote ile.