Jedwali au Mnyororo: Unix, Linux na Utafutaji wa Viendeshi

Sisi tunaosomea kompyuta hufundishwa mapema kwamba anayetaka kasi hulipa kwa kumbukumbu, na anayebana kumbukumbu hulipa kwa muda. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Katika makala haya tunafuatilia kisa kimoja: namna mfumo endeshi unavyokipata kiendeshi, yaani programu inayojua kuzungumza na kifaa kama diski au printa. Kisa hiki kinatuonyesha swali la tatu ambalo husahauliwa: utafutaji wenyewe hufanyika mara ngapi?

Tuanzie Bell Labs, Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuiunda Unix mwaka 1969. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mfumo huo ulihamia kwenye mashine za PDP-11, ambazo anwani zake za biti 16 hufikia baiti 65,536 tu. Kila kifaa kilipewa nambari mbili, kuu na ndogo, kila moja ya biti 8. Nambari kuu ilionyesha nafasi katika jedwali: bdevsw kwa vifaa kama diski, na cdevsw kwa vifaa kama terminali.

Mfano wake ni masanduku ya posta kwetu Afrika Mashariki. Ukijua nambari ya S.L.P., unakwenda moja kwa moja bila kumuuliza mtu. Lakini sanduku tupu nalo huchukua nafasi ukutani. Ndiyo maana jedwali la Unix lilitayarishwa kulingana na vifaa vya kila mashine, na nafasi isiyo na mwenyewe ilijazwa nodev, ambayo kazi yake ni kurudisha hitilafu.

Linus Torvalds alipoitoa Linux mwaka 1991, alifuata mtindo huohuo wa nambari. Katika toleo la 2.4, jedwali la vifaa vya aina ya terminali lilikuwa na nafasi 255, kila moja ikibeba vielekezi viwili. Kwenye kompyuta ya biti 32 hizo ni baiti 2,040. Hasara ndogo kwa utafutaji wa hatua moja.

Kilichokwisha ni nambari, si kumbukumbu. Diski moja ya SCSI ilichukua nambari ndogo 16: moja ya diski nzima na 15 za vigawanyo vyake. Kwa hiyo nambari kuu moja ilitosha diski 16 tu, na seva kubwa zilihitaji zaidi.

Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, lilipanua nambari ya kifaa kutoka biti 16 hadi 32: biti 12 za nambari kuu na 20 za nambari ndogo. Hapo jedwali la kila nambari halikuwezekana tena. Kielekezi kimoja cha baiti 4 kwa kila nambari kingehitaji gigabaiti 16, ilhali anwani za biti 32 hufikia gigabaiti 4. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii ingemeza mashine nzima.

Suluhisho lilikuwa msimbo wa Al Viro. Nambari kuu hugawanywa kwa 255, na baki huonyesha mnyororo wa kupitia. Kila pingili ya mnyororo husimamia safu ya nambari, iwe moja au maelfu. Kumbukumbu hutumika kwa viendeshi vilivyopo tu, lakini utafutaji sasa una hatua zaidi.

Kwa nini gharama hiyo inavumilika? Kwa sababu mnyororo hupitiwa kifaa kinapofunguliwa. Kiendeshi kikishapatikana, keneli hukihifadhi pamoja na faili lililofunguliwa. Programu ikisoma mara milioni baada ya hapo, haitafuti tena hata mara moja.

Hivyo, kuuliza kama jedwali ni bora kuliko mnyororo bila kujua njia hiyo hupitwa mara ngapi ni kuuliza nusu ya swali. Tunawahimiza wanachama wanaosoma mifumo endeshi muhula huu wafungue faili la drivers/base/map.c katika msimbo wa Linux. Ni mistari mia moja na ushee tu, na inasomeka kwa jioni moja.