Ghala la Kompyuta

Fungueni madaftari. Leo tutasoma habari ya ghala ambamo kompyuta huweka maandishi na picha.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo RAMAC. Ghala lake lilikuwa na sahani 50 zenye sumaku, kila moja upana wa inchi 24. Sahani zilizunguka, na mkono ulikwenda huku na huku kusoma. Uzito wake ulikuwa kiasi cha tani moja, lakini lilibeba herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu huweza kulijaza.

Baadaye sahani zikawa ndogo, zikaingia majumbani. Lakini mkono bado ulilazimika kuitafuta herufi, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena chombo kikianguka, mkono huweza kukwaruza sahani, na kazi ya miaka hupotea.

Katika miaka ya 1980 Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba huko Japani, alibuni flashi. Hiyo hutunza umeme katika vijumba vidogo mno, wala haina kitu kizungukacho. Ghala la kompyuta la namna hiyo huitwa SSD.

Basi, mwenye kompyuta kuukuu asiitupe upesi. Mara nyingi fundi akitoa sahani na kutia SSD, kompyuta huamka haraka. Lakini kwanza nakilini kazi zenu mahali pengine, maana flashi nayo huweza kufa ghafula.

Swali: Kwa nini sahani ni nzito kusoma kuliko flashi? Jibuni kwa sentensi mbili. Kwa herini.