Nani Anamlipa Mtakwimu?

Tarehe 10 Julai 2003, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura juu ya tafiti chache ambazo wajumbe wengi hawakuwa wamezisikia kabla ya wiki hiyo. Patrick Toomey, mjumbe kutoka Pennsylvania, alitaka zinyimwe fedha za serikali kwa kuwa zilichunguza mienendo ya ngono. Mmoja ulikuwa wa San Francisco, na ulihusu hatari ya VVU kwa wanawake wenye asili ya Asia waliofanya kazi katika majumba ya kukanda mwili. Hoja ya Toomey ilianguka kwa kura 212 dhidi ya 210.

Huku kwetu hakuna aliyekesha kusubiri matokeo. Mwaka ule mgonjwa wa kawaida wa UKIMWI nchini Tanzania alikuwa bado hapati dawa za kufubaza virusi katika hospitali ya umma. Mpango wa taifa wa kuzitoa bure ulianza mwaka 2004. Hata hivyo, sayansi iliyoponea kura mbili siku ile ilikuwa imeshatia mguu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na historia yake inaanzia kwenye fedha za aina ambayo haisemwi sana.

Ripoti ya kwanza ya ugonjwa huo ilitoka Marekani tarehe 5 Juni 1981, ikieleza vijana watano wa kiume wa Los Angeles. Kipimo cha damu kilipatikana mwaka 1985. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Machi 1987. Kwa hiyo mwaka 1986 daktari aliyekuwa na majibu ya kipimo mkononi hakuwa na cha kumpa mgonjwa wake. Kilichobaki ni tabia: nani anatumia kondomu na nani hatumii, nani anachangia sindano, nani anaogopa kupima, nani anamficha mwenzake. Hayo si maswali ya kujibiwa kwa darubini, na taasisi za Marekani zilizozoea virusi na bakteria hazikuwa na watu wa kuyauliza.

Iliyokuwa nao ni Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili, NIMH. Wakati huo taasisi hii haikuwa hata chini ya paa moja na ndugu zake wa Taasisi za Taifa za Afya. Ilikaa katika wakala uliosimamia masuala ya pombe, dawa za kulevya na akili, ikahamishiwa kwa ndugu zake hao mwaka 1992. Ilikuwa na wanasaikolojia waliojua kuhoji watu juu ya mambo ya aibu bila kuwafukuza. Ilikuwa pia na sababu nyingine ya kujiingiza. Mwaka 1986 Bradford Navia na Richard Price, wakiwa New York, walieleza jinsi wagonjwa wa UKIMWI walivyopoteza kumbukumbu, wepesi wa viungo na uwezo wa kufikiri. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa damu na kinga ulikuwa umefika kwenye ubongo.

Vituo vikaanza. Mwaka 1986 kilizaliwa CAPS katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kikiongozwa kwanza na Stephen Hulley, kisha na mwanasaikolojia Thomas Coates. Mwaka 1987 Anke Ehrhardt, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha HIV Center mjini New York, kati ya Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya jimbo ya magonjwa ya akili. San Diego walifuata mwaka 1989 wakijikita kwenye ubongo, chini ya Igor Grant. Katika muongo wa 1990 vikaongezeka Milwaukee, Yale na Los Angeles. Ndani ya NIMH, aliyeilea mipango hii kwa miaka mingi ni Ellen Stover, jina ambalo halimo katika orodha za mashujaa wa UKIMWI, ingawa fomu nyingi za fedha zilipita mezani kwake.

Fedha zenyewe zilikuwa za namna gani? Hapa inafaa kutulia kidogo, maana ndipo wengi hupita haraka. Ruzuku ya kawaida ya utafiti hulipia swali moja: je, mafunzo haya yanapunguza maambukizi kwa watu hawa? Swali likijibiwa, wahoji wanarudi nyumbani, kompyuta zinagawanywa, madodoso yanaishia kabatini. Ruzuku ya kituo, ile ambayo Wamarekani huiita P30, hailipii swali lolote. Inalipia vitu vinavyohitajiwa na kila mwenye swali: mtakwimu wa kudumu, msimamizi wa kumbukumbu, mtu anayejua maadili ya utafiti na fomu zake, maabara, kamati ya wanajamii inayoweza kuwaambia maprofesa kwamba dodoso lao ni matusi, na kifuko kidogo cha fedha za majaribio kwa mtafiti kijana ambaye bado hana jina. Hutolewa kwa miaka mitano mitano na kushindaniwa upya. Mitaani kwetu watu wanaelewa mantiki hiyo bila kuelezwa: hakuna familia inayonunua sufuria la kupikia pilau ya watu mia tatu kwa ajili ya harusi moja, sufuria ni la mtaa, na lina mtunzaji.

Ubaya wake ni kwamba fedha hizo hazina picha ya kupiga. Mwanasiasa anaweza kusimama mbele ya zahanati mpya. Mbele ya mtakwimu ni vigumu. Na anayetaka kubana matumizi ataanza hapo, kwa sababu mwaka wa kwanza hakuna atakayeona pengo.

Kituo cha New York kinaonyesha faida yake. Mmoja wa waliojiunga na Ehrhardt alikuwa Zena Stein, mtaalamu wa epidemiolojia mzaliwa wa Durban, aliyekuwa ameiacha Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi pamoja na mumewe Mervyn Susser. Mwaka 1990 Stein aliandika makala fupi katika jarida la afya ya jamii la Marekani. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya kukera: kondomu huvaliwa na mwanamume, basi mwanamke anayeambiwa ajikinge kwa kondomu anaambiwa kwa kweli akaombe ruhusa. Sayansi itafute njia ambazo mwanamke anaweza kuzitumia mwenyewe. Wakati huo hata jina la njia hizo halikuwa limetulia.

Mwanafunzi mmoja aliyepita Columbia katika miaka hiyo, Quarraisha Abdool Karim, alirudi Durban na swali hilo. Mwaka 2010 timu yake ilitangaza kuwa jeli yenye dawa ya tenofovir imepunguza maambukizi kwa asilimia 39. Jaribio kubwa lililofuata halikurudia matokeo hayo, na wengi walikata tamaa. Ikaja pete ya ukeni, kisha sindano. Mwaka 2024, katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kutoka makala ya Stein hadi hapo ni miaka 34. Sidai kwamba fedha za kituo kimoja ndizo zilizotengeneza sindano. Kampuni na maabara nyingi zilihusika. Lakini mtu aliyelipwa kukaa na kufikiri ndiye aliyeliweka swali mezani.

San Francisco walifanya jambo la aina nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, CAPS ilialika watafiti kutoka nchi maskini kuja wakati wa kiangazi, wakae wiki kadhaa, waandike andiko la utafiti, na warudi na fedha kidogo za kuanzia. Kutokana na mitandao ya namna hiyo, Coates na wenzake wakajikuta Dar es Salaam na Nairobi katikati ya muongo wa 1990, katika utafiti uliofadhiliwa na shirika la misaada la Marekani pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa.

Swali lao sasa linaonekana la kitoto: je, mtu akipewa ushauri nasaha na kupimwa kwa hiari, hubadilisha mwenendo? Mwaka 1995 hapakuwa na jibu. Wapo waliosema kupima bila dawa ni ukatili, na hawakukosea kabisa. Watu 3,120 na wapenzi au wanandoa jozi 586 waliandikishwa Dar es Salaam, Nairobi na Trinidad. Baadhi walipata ushauri na kipimo, wengine walipata elimu ya afya tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: wanaume wa kundi la kwanza walipunguza ngono isiyo salama na wapenzi wa pembeni kwa asilimia 35, wa kundi la pili kwa asilimia 13, kwa wanawake ilikuwa asilimia 39 na 17. Wachumi wakakokotoa kwamba kuzuia maambukizi mapya ya mtu mmoja kungegharimu dola 249 Kenya na 346 Tanzania. Mwaka uliofuata AMREF ilianzisha vituo vya Angaza nchini Tanzania, na bila shaka msomaji aliyevuka ujana katika miaka hiyo anakumbuka mabango yake.

Upande wa Tanzania kazi ile ilikaa Muhimbili, tena mikononi mwa madaktari wa akili: Gad Kilonzo na Jessie Mbwambo. Wao ndio waliokaa na mambo ambayo takwimu za kondomu haziyaoni. Mwaka 2002, pamoja na Suzanne Maman na wengine, walichapisha matokeo kutoka kliniki yao ya upimaji: miongoni mwa wanawake walio chini ya miaka 30, wenye VVU walikuwa na uwezekano mara kumi zaidi wa kusimulia kipigo au ukatili wa mwenza kuliko wasio na virusi. Tangu hapo, kumwambia mwanamke "nenda kamweleze mumeo" hakukuwa tena ushauri mwepesi.

Mfano mwingine wa Dar es Salaam unanivutia zaidi, kwa sababu haukupangwa. Katikati ya muongo wa 1990 Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard waliandikisha wajawazito 1,078 wenye VVU kuona kama vitamini zingewasaidia wao na watoto. Ulikuwa utafiti wa lishe. Lakini wanawake walikuwa wanarudi kliniki kila mwezi, wauguzi walikuwapo, kumbukumbu zilikuwa zinatunzwa. Sylvia Kaaya, daktari wa akili, akaingiza humo dodoso la sonona, baada ya kulihakiki kwa Kiswahili na kwa wanawake wenyewe. Walipofuatiliwa kwa miaka, zaidi ya nusu yao walionyesha dalili za sonona angalau mara moja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa wenye dalili hizo walizidiwa haraka na kufa zaidi. Kama kila dodoso lingehitaji kliniki yake, tusingejua.

Kampala nao walitoa kitu. Mwaka 2005 watafiti wa Johns Hopkins na wenzao wa Uganda walichapisha kipimo cha dakika chache cha kubaini athari za VVU kwenye ubongo, kilichojaribiwa Baltimore na Kampala. Mgonjwa hugonganisha vidole upesi, hupitisha mkono katika mikao mitatu, ngumi, kiganja, ubavu, kisha hukumbuka maneno manne, likiwemo la mbwa na la kofia. Hahitaji kusoma wala kujua Kiingereza. Muuguzi wa zahanati anaweza kukifanya akiwa na saa tu.

Si kila kilichotoka kwenye fedha hizi kiling'aa. Mradi mkubwa wa NIMH uliopeleka mahema ya kupimia vijijini, Kisarawe ikiwemo, uliinua idadi ya waliopima nchini Tanzania hadi asilimia 37, dhidi ya asilimia 9 pale ambapo watu walisubiriwa kliniki. Lakini ilipokuja hesabu ya maambukizi mapya katika jamii 34 za nchi tatu za Afrika, punguzo lilikuwa asilimia 14 tu, na mtakwimu mkweli angesema huenda ni bahati.

Turudi Washington. Baada ya kura ya Toomey, orodha ya tafiti zaidi ya 150 ilisambazwa na kikundi cha kihafidhina, na watafiti wakapigiwa simu wajieleze. Taasisi za afya ziliwatetea, hakuna aliyenyang'anywa fedha. Miaka michache baadaye mwanasosholojia Joanna Kempner aliwahoji waliokuwa kwenye orodha. Takriban nusu walikiri kwamba sasa wanaondoa maneno ya hatari kwenye vichwa na muhtasari wa maandiko yao, na wengine waliacha kabisa mada fulani. Toomey alishindwa bungeni, lakini alishinda kwenye madawati ya watu.

Mwaka 2025 mambo yakawa makubwa kuliko orodha. Machi, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta ruzuku na mikataba ya dola milioni 400 ya Columbia, mwenyeji mwenza wa kituo cha Ehrhardt. Makubaliano yalifikiwa Julai. Mei mosi, Taasisi za Taifa za Afya zilitangaza kusitisha utaratibu ambao chuo cha Marekani hupokea fedha na kukimegea chuo cha nje sehemu yake, hadi upatikane utaratibu mpya. Huo ndio mfereji uliokuwa unafikisha fedha Muhimbili, Makerere na Nairobi. Vituo vya P30 vyenyewe vilikuwa kule daima. Sisi tulikuwa mwisho wa mfereji, tukipata swali moja baada ya lingine, mara chache sana mtakwimu wa kudumu.

Mwaka 2006 mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika ziliafikiana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania haijafika hapo, wala Kenya. Yapo mambo mengi ya kudai kutoka kwenye asilimia hiyo, na wizara zitataka majengo. Mimi ningeanza na nafasi tatu za ajira ya serikali katika kila chuo cha tiba, zisizofungwa na mradi wowote: mtakwimu, mtunza kumbukumbu na mratibu wa maadili. Muhimbili, watu waliojifunza kazi kwenye tafiti za kupima walikuwa miongoni mwa walioanzisha kliniki ya methadone mwaka 2011, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, bila kuhesabu visiwa. Walikuwapo bado kwa sababu kila mradi ulipokwisha, mwingine ulitokea kuwalipa.